Kamera Isiyo na Mgongo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Jeanine alikwenda mferejini kupanga foleni. Kusema kweli si yeye aliyepanga, ni dumu lake. Pale kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma watu hawasimami kwenye foleni ya maji. Madumu ndiyo husimama, na wenyewe huketi kivulini wakipiga soga huku jicho moja likichunga. Dumu la Jeanine lilikuwa la manjano kama mengine yote, kwa hiyo mama yake alikuwa amelifunga kitambaa chekundu shingoni, mtu asije akalichukua kwa bahati mbaya. Na bahati mbaya za pale mferejini, wee, hazikuwa na mwisho!

Siku hiyo Jeanine hakutulia kivulini. Alikwenda, akarudi, akasimama kwa mguu mmoja, akachungulia madumu yaliyotangulia, akaguna.

"Umekanyaga siafu?" mama yake alimuuliza alipofika nyumbani akihema, maji yakimrukia mgongoni.

"Mama, leo ni leo! Leo ndiyo tunapiga ile filamu!"

"Filamu, filamu. Wiki nzima sijasikia kingine. Hata usingizini unataja kamera." Mama alimsukumia kikombe. "Haya, kunywa uji kwanza, usije ukaanguka mbele ya hiyo kamera yako."

Jeanine alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na alisoma Gredi ya Sita. Wazazi wake walimleta kutoka Kongo akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, kwa hiyo Kakuma ndiyo nyumbani pekee alipopajua. Darasani kwao walikaa Waturkana, Wasomali na watoto wa Sudan Kusini, kila mmoja na lugha yake, ila kwa kelele wote walikuwa kabila moja. Wenzake walimchagua awe kiongozi wa Chama cha Mazingira kwa sababu ya sifa yake moja: akitaka jambo, analitaka kwa mikono miwili. Alikuwa na kasoro moja pia, na kasoro yenyewe ilikuwa hiyo hiyo.

Jambo alilolitaka safari hii lilikuwa kubwa. Kamati ya maji iliyokuwa ikikutana mjini Lodwar ilikuwa inatafuta mahali pa kuchimba kisima kirefu cha pampu ya jua. Kamati ilikuwa na karatasi tele zenye takwimu za ukame na mabadiliko ya tabianchi, mpaka meza ikakosa nafasi ya vikombe vya chai. Lakini wajumbe walikuwa wamesoma karatasi za aina hiyo mwaka baada ya mwaka, na karatasi haimfanyi mtu akauke koo. Ndipo shule tatu zikaombwa kila moja ipige filamu fupi ya mahali pake, filamu ya kutazamwa kwa miwani ya uhalisia pepe.

"Pepe au pepo?" aliuliza Nuur, rafiki yake Jeanine, siku mgeni wao alipokuja kuwafundisha. Nuur hakuweza kumaliza saa moja bila kuchekesha watu.

Mgeni mwenyewe alikuwa dada Rooda, msichana wa Kakuma aliyefanya kazi ya filamu na kundi moja la vijana huko Lodwar. Alicheka pamoja nao. "Pepe, si pepo. Unavaa miwani mikubwa kama ya kuogelea, inafunika macho yote. Ukitazama mbele, unaona mbele. Ukigeuza kichwa, unaona nyuma. Ukiinua uso, ni mbingu! Unakuwa uko pale pale. Yule aliyeketi ofisini Lodwar anajikuta ameketi mchangani kwenu."

Darasa zima lilipiga kelele. Dada Rooda akatoa kamera ndogo, ndefu kidogo kama rimoti ya televisheni, yenye macho mawili, moja huku na moja huku. Akaonya, "Sikieni vizuri. Kamera hii haina mgongo. Ukishaiwasha, inaona pande zote kwa wakati mmoja. Kwa hivyo ikiwashwa, mpiga picha aende akajifiche mbali."

Je, Jeanine alisikia? Hakusikia. Wakati huo alikuwa akimvuta Nuur shati na kumnong'oneza kwa ukali kwamba kamera ataishika yeye, kiongozi, na si mtu mwingine. Wewe uliyesikia nyamaza tu, usimwambie.

Basi asubuhi ile, badala ya kuingia darasani, Jeanine na Nuur walifuatana na Mwalimu Ekal hadi mtoni Tarach. Usidhani kuna mto wa kuogelea pale. Tarach ni mchanga mtupu, mpana, mweupe, na maji yake yamejificha chini. Nuur alikuwa amebeba gunia lililochomoza huku na huku.

"Gunia la nini hilo?" Mwalimu aliuliza.

"La kukalia, Mwalimu," Nuur alijibu haraka.

Mtoni walimkuta Ata Nakiru. Ata kwa Kiturkana ni bibi, na kila mtoto wa pale alimwita hivyo, awe wake au asiwe wake. Alikuwa mama mrefu, mwembamba, mwenye shanga zilizopanda shingoni mpaka kidevuni. Alikuwa ndani ya shimo alilochimba mchangani, ni kichwa na mabega tu yaliyoonekana. Mjukuu wake mdogo, Akiru, alikaa ukingoni na shanga zake mwenyewe, akiwazuia mbuzi wasiingie shimoni.

"Ejoka!" Ata aliita.

"Ejok!" walijibu.

Mwalimu Ekal alisimamisha kamera kwenye kistendi karibu na shimo, akaiwasha, akamwambia Jeanine akae na Ata wazungumze kama kawaida. Kisha yeye na Nuur wakaenda zao nyuma ya migunga. Jeanine alidhani wanatafuta kivuli.

Ata Nakiru alijua Kiswahili cha sokoni, na kilimtosha kabisa kwa utani. "Zamani, mimi msichana, nachimba hapa mpaka kiwiko, maji hii hapa!" alisema. "Sasa nachimba mpaka nimepotea. Mvua ya siku hizi ni mlevi. Hujui itarudi lini, na ikirudi inavunja vyombo. Ile mara ya mwisho ilikuja na mafuriko, ikabeba mbuzi ya jirani, ikaenda. Mpaka leo, kimya!" Akacheka mpaka shanga zikalia.

Maji machache yalikuwa yamejikusanya chini ya shimo. Ata aliyachota taratibu kwa bakuli, tone asimwage, akainuka nayo na kumpa Jeanine. "Kunywa, mgeni."

Jeanine alikunywa yote. Yalikuwa ya baridi, yenye ladha ya udongo. Ata akarudi chini kungoja mengine yachuruzike. Akangoja. Akawaimbia mbuzi kidogo. Akangoja tena. Bakuli lilipojaa, aliwapa mbuzi wadogo, akashuka kungoja tena.

Jeanine alianza kujikuna. Hii ni filamu gani? Ata anacheka, mbuzi wanaimbiwa, na sehemu kubwa hakuna kinachotokea! Wajumbe wataona watu wanaofurahi mtoni, watasema hawa hawana shida, kisima kipelekwe kwingine. Hapana, hapana! Watu wa Lodwar lazima walie!

Bahati yake, au tuseme bahati mbaya ya aina ile ya mferejini, simu ya Mwalimu Ekal iliita ikakatika, naye akapanda ukingo kutafuta mtandao. Jeanine akaikimbilia kamera, akaizima.

"Nuur! Lete gunia!"

Gunia lilitoa vichwa vya mbuzi vilivyokaukia juani. Walikuwa wameviokota nyuma ya machinjio ya Abdijabar, ami yake Nuur, ambako vilitupwa kila siku. Jeanine alivipanga mchangani mbele ya shimo kwa ustadi, kimoja kikitazama mbingu. Akamvua Akiru shanga, mtoto aonekane hana kitu, akamvisha Nuur azitunze. Mbuzi wote akaagiza wapelekwe nyuma ya kamera.

"Ata, tafadhali, kaa hapa. Usicheke. Tazama chini. Hivi." Akashusha pembe za mdomo wake kwa vidole viwili kumwonyesha.

Ata Nakiru alitazama vile vichwa, akamtazama mtoto. "Hii ni mbuzi ya nani?"

"Ni ya filamu tu, Ata. Ni ya kusaidia kisima."

Ata hakuelewa, lakini aliyekuwa akimwomba ni mgeni, na mgeni hakataliwi. Akaketi. Jeanine akaiwasha kamera, akasimama nyuma yake kama watu wanavyosimama nyuma ya simu wakipiga picha, akaendelea kutoa amri kwa mikono. Alipomaliza alirudisha shanga, akaficha vichwa, akamshukuru Ata, na Mwalimu aliporudi alimkuta mtoto mwenye furaha isiyo na kifani.

Jioni Mwalimu Ekal alimpa simu yake. Kwenye simu filamu ilionekana upande mmoja tu, na ukitaka kuona kwingine ulilazimika kuizungusha kwa kidole. "Hizi hapa, kuna ndefu na kuna fupi. Chagua moja, na uikague mbele, nyuma, kushoto, kulia. Ni kazi ya kuchosha, lakini ndiyo kazi ya kiongozi."

Jeanine alichagua ile fupi. Aliitazama upande wa mbele, akaipenda, akairudia, akaipenda zaidi. Kidole hakukisogeza.

"Umeikagua pande zote?"

"Zote, Mwalimu."

Mwalimu alimwamini, akamtumia dada Rooda jina la filamu iliyochaguliwa.

Siku ya kwenda Lodwar, gari la shule lilikuwa na nyimbo tangu Kakuma hadi daraja la mto Turkwel. Ata Nakiru alikaa mbele na Mwalimu, amejipaka mafuta, shanga zinang'aa, kwani naye alialikwa. Ukumbi wa mkutano ulikuwa na feni zilizozunguka kwa uvivu na viti vya plastiki vilivyopangwa mviringo. Wajumbe walikuwa bado wanakunywa chai chumba cha pili.

"Kabla hawajaja, wenye filamu waionje kwanza!" alisema dada Rooda. "Kiongozi, njoo."

Loo! Jeanine akakimbia, akavikwa. Miwani ilikuwa nzito, ikambana mashavu. Giza. Kisha ghafla, mchanga! Jua! Alikuwa Tarach! Aliinama akaona mchanga ulipopaswa kuwa miguu yake. Aliinua uso akaona mbingu isiyo na wingu hata la dawa. Alipiga ukelele, akanyoosha mkono kugusa ukingo wa shimo, akagusa hewa ya ukumbini. Mbele yake vile vichwa vilitisha kweli kweli, na nyuma ya vichwa hivyo Ata aliketi kama mtu aliyefiwa. "Watalia!" Jeanine alijisemea. "Watalia wote!"

Kwa ule msisimko akageuka kutazama mto wote. Akajiona.

Alikuwa pale, nyuma, mkubwa kama alivyo, vidole viwili mdomoni akivuta pembe zake chini. Pembeni Nuur, shanga za Akiru shingoni, alikuwa akishindana na mbuzi kumi na kitu kwa kamba moja, akiangushwa, akiinuka. Mtoto Akiru alikuwa ukingoni akilia kwa kunyang'anywa shanga. Sauti hiyo Jeanine hakuisikia siku ile. Sasa aliisikia.

Akamgeukia Ata tena. Hapo alipokuwa, katikati yao, aliona jambo ambalo kwenye simu hakuliona. Ata hakuwa akitazama chini kwa huzuni. Alikuwa akimtazama kwa kuibia yule msichana nyuma ya kamera, kama anayeuliza, nimekukosea nini?

Jeanine alivua miwani, jasho likimtiririka.

"Vipi?" dada Rooda aliuliza.

"Iko... iko sawa."

Nuur alivaa, akacheka, akageuka, akanyamaza. Kwa Nuur kunyamaza ilikuwa habari ya kutisha. Alimvuta Jeanine pembeni. "Tumekwisha. Nimevaa shanga mbele ya serikali!"

"Tutawaambia wasigeuze shingo. Tuseme miwani huharibika."

"Wacha bana, Jeanine. Mtu hata akiambiwa asigeuke, atageuka."

Walipokuwa wakibishana, Ata Nakiru alikwisha kujisogeza. Alitaka naye kuona hiyo ajabu. Dada Rooda akamvika polepole, akijali shanga. Ata alishtuka, kisha uso wake ukachanua. "Ejoka!" alijisalimu mwenyewe. Mwalimu akacheka, Rooda akacheka. Kisha, kama mchungaji yeyote anavyofanya akifika mahali, Ata akageuka kutafuta mbuzi wake.

Akawaona. Akawahesabu, kichwa kimegeuka nyuma. Halafu akavua miwani, akaiweka mapajani.

"Mbuzi yangu iko huku nyuma," alisema. "Nani amefunga mbuzi yangu nyuma? Huyu mama ya mbele hana mbuzi. Mimi niko na mbuzi."

Mwalimu Ekal alichukua miwani akajionea mwenyewe. Alipoivua hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza.

"Jeanine, unajua umefanya nini? Kwetu sisi Waturkana, ukimwambia mtu hana mbuzi hujamhurumia. Umemtukana. Na ulitaka kumtukana mbele ya watu wazima wote wa kamati."

Machozi yalimlenga Jeanine. "Sikujua, Mwalimu. Nilitaka wamwonee huruma. Nilitaka tupate kisima."

"Hukujua habari ya mbuzi, sawa. Lakini nilipokuuliza kama umekagua pande zote, hilo ulilijua."

Lililomuuma Jeanine zaidi si ukali wa Mwalimu, ni lile jicho la Ata alilolikuta mle ndani ya miwani. Akamwendea Ata, akapiga magoti, akasema, "Nisamehe, Ata. Nimekuaibisha." Ata alimtazama, akamshika bega.

Mlango ukafunguliwa. Wajumbe walianza kuingia wakifuta midomo, mbele yao mwenyekiti, Bwana Losike, mzee mnene mwenye kofia na sauti ya radi. Ilibaki dakika chache tu. Kama wangenyamaza, labda hakuna ambaye angegeuka. Labda kisima kingekuja. Jeanine aliwaza hayo yote, usidhani hakuyawaza.

"Mwalimu," alisema, "ile ndefu bado ipo. Ile ya kwanza. Lakini haina huzuni. Ata anacheka, halafu anangoja tu maji. Inachosha!"

"Ni ya kweli?"

"Ni ya kweli."

Dada Rooda tayari alikuwa ameshika kompyuta. Na Jeanine, kiongozi wa Chama cha Mazingira, alisimama katikati ya viti vya plastiki.

"Waheshimiwa, filamu tuliyowaandalia ilikuwa na uongo. Vichwa vya mbuzi tuliviokota machinjioni. Ata Nakiru ana mbuzi, na tena ni wazuri. Uongo huo niliutunga mimi, si Mwalimu wala shule. Tunaomba mtazame nyingine. Kama mtatukatalia, mna haki."

Bwana Losike alimkodolea macho.

"Siku zote nimekuwa nikiletewa taarifa," alisema mwishowe. "Leo ndiyo mara ya kwanza mleta taarifa ananiambia ipi ni ya uongo kabla sijaisoma! Haya, nivalisheni hiyo mitambo."

Kofia ikavuliwa, miwani ikavikwa. Bwana Losike aliguna, akashika kiti kwa mikono yote miwili. Ile habari ya mvua mlevi ilipofika, alicheka mpaka tumbo likatikisika. Kisha, Ata alipoinuka na bakuli ndani ya filamu, mwenyekiti alinyoosha mikono miwili kwa heshima kulipokea, akashika hewa! Wajumbe waliangua kicheko, naye akacheka pamoja nao.

Halafu kikaja kile kipande cha kungoja. Mwenyekiti alijisogeza kitini. Akakohoa. Akavua miwani.

"Imekwama?"

"Haijakwama, Bwana Losike," Rooda alijibu.

"Mbona hakuna kinachotokea? Anatazama shimo tu."

Ata Nakiru ndiye aliyejibu, akiwa ameketi wima kwenye kiti chake. "Maji inakuja. Ngoja."

Hakuna aliyecheka. Bwana Losike alimtazama, akavaa tena miwani, akangoja. Waliokuwa ukumbini hawakuona alichokiona, walimwona yeye tu: anainama mbele kuchungulia shimo, anafuta shingo kwa kitambaa, anauma mdomo. Bakuli lilipojaa alishusha pumzi kwa sauti. Kisha akashtuka.

"Ah! Anawapa watoto wa mbuzi! Anashuka tena kungoja!" Akageuza kichwa huku na huku. "Imezimika. Sasa, na yeye? Mama mwenyewe alikunywa saa ngapi?"

Swali lilimpata Jeanine kama kofi. Hakujua. Alikuwa ameizima kamera kabla Ata hajanywa, akamkalisha mama wa watu juani aigize huzuni. Bakuli la kwanza alilinywa yeye, lote, na hata hakuuliza.

"Ata," alisema kwa sauti ndogo, "siku ile ulikunywa saa ngapi?"

Ata alifikiri, akajibu bila lawama yoyote, kama anayejibu jambo la kila siku.

"Jioni."

Jeanine alilia, na safari hii hakuna aliyemfundisha kulia. Bwana Losike alivua miwani, akampa mjumbe wa pili bila kusema neno, na yule akampa wa tatu. Kila mmoja alingoja mpaka maji yakaja. Walitazama filamu za shule nyingine mbili pia, wakafungua zile karatasi zao za takwimu, na safari hii walizisoma wakiulizana maswali. Ilipofika alasiri mwenyekiti alisimama.

"Kisima kitachimbwa ng'ambo ya Tarach, karibu na mama huyu. Shule ya watoto hawa nayo itawekewa mfereji kutoka hapo. Na wewe msichana, kama ungenionyesha ile ya vichwa, ningehuzunika mpaka wakati wa chakula, kisha ningesahau. Nimewahi kuona vichwa vingi. Lakini kungoja sijawahi kungojeshwa hivi."

Oo, kelele zilizozuka! Nuur aliruka mpaka kiti kikavunjika mguu. Mwalimu alimwinua Rooda mkono kama bingwa wa ndondi. Ata Nakiru alipotafsiriwa habari, alipiga kigelegele kimoja kirefu kilichowaleta watu wa ofisi za jirani madirishani.

Nje, walipokuwa wakingoja gari, Mwalimu Ekal alimwita Jeanine kando. "Nimefurahi ulisema ukweli wakati ambao kunyamaza kungekulipa," alisema. "Lakini kumbuka na hili. Ulitaka watu wamhurumie Ata, na hilo ni jema. Tatizo ni kwamba uliona yeye mwenyewe hatoshi, ukamtunga mwingine. Ukamnyima mbuzi wake, kicheko chake na subira yake. Na umeona leo, subira hiyo ndiyo iliyotuchimbia kisima. Ukitaka kumsemea mtu, kwanza kaa alipokaa yeye, utazame pande zote, hata ule upande ambao na wewe umo."

"Nimeelewa, Mwalimu."

"Na kazi ya kukagua?"

"Nitakagua mpaka kidole kiote sugu."

Mwalimu alicheka. Gari lilipofika, Ata Nakiru alikataa kukaa mbele. Alipanda nyuma na watoto, akamvuta Jeanine karibu, akampangusa uso kwa shuka lake.

"Basi, nyamaza," alisema. "Unalia maji, na maji ni kazi."

Jeanine alicheka katikati ya kwikwi. Kisha akamwomba Ata amfundishe majina ya mbuzi wake wote, mmoja mmoja, na Ata akamfundisha njia nzima mpaka Kakuma, akimrudisha nyuma kila alipokosea.